MASHAIRI YATAKUPELEKA WAPI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wapenzi wasomaji, wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Lakini kuna maswali mengine ambayo mtu huuliza si kwa sababu anataka kujibiwa, bali anataka unyamaze. Swali kama hilo niliulizwa mwanzoni mwa mwaka huu, na leo nimeshika kalamu ili nilijibu mbele yenu nyote, walimu wangu na wanafunzi wenzangu.

Aliyeniuliza ni kaka yangu mkubwa. Yeye ni fundi wa magari, na ndiye anayenilipia karo. Jioni moja nilimwomba pesa kidogo za mchango wa Chama cha Kiswahili. Akaweka kikombe cha chai chini, akanitazama, akasema: "Wewe msichana, mashairi yatakupeleka wapi? Gari ninalotengeneza kutwa nzima limeundwa na Mjapani. Unafikiri Mjapani hukaa akihesabu mizani? Yeye huhesabu hesabu! Wacha hayo mambo ya kale, hizo saa ufanye Hisabati."

Sikumjibu. Mtu anayekulipia karo hujibizani naye ovyo. Hata hivyo neno lake moja lilinichoma kama mwiba: ati Mjapani hana wakati wa mashairi. Nikasema moyoni, hebu nimfuate huyu Mjapani mpaka kwake nione. Nikaanza kusoma kila nilichopata kumhusu. Na niliyoyapata, jamani, ndiyo haya.

Katika nchi ya Japani kuna magari ya moshi yaendayo kasi sana, yaitwayo Shinkansen. Nayaita magari ya moshi kwa mazoea tu, maana moshi wenyewe haupo. Yanaendeshwa kwa umeme. Moja la magari hayo hutoka Tokyo, mji mkuu, likaenda hadi Akita upande wa kaskazini, mwendo wa kilomita zipatazo 660. Rangi yake ni nyekundu. Huondoka Tokyo likiwa limeunganishwa na jingine la kijani, na yote mawili hukimbia pamoja kwa kasi inayofika kilomita 320 kwa saa. Yakifika mahali paitwapo Morioka huachana. Lile jekundu hugeukia milimani na kupunguza mwendo, lisizidi kilomita 130 kwa saa, kwa kuwa huko linapita njia ya reli ya zamani iliyopanuliwa. Likifika Omagari huingia stesheni kwa kichwa na kutoka kwa mkia, hivi kwamba abiria humalizia safari wakienda kinyumenyume. Pamoja na hayo yote, safari zake za haraka hazifiki saa nne.

Sasa sikilizeni jina la gari hilo. Linaitwa Komachi, na lilianza kazi tarehe 22 Machi 1997. Je, Komachi ni mhandisi aliyeliunda? La hasha! Ni waziri aliyelizindua? Si waziri. Komachi ni malenga. Tena ni mwanamke, aliyeishi katika karne ya 9, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktabani mpaka wenzangu wakanigeukia.

Jina lake kamili lilikuwa Ono no Komachi. Aliishi zama ambazo Kaizari wa Japani alikuwa na kasri lake katika mji wa Heian-kyo, ambao leo tunauita Kyoto, uliofanywa makao makuu mwaka wa 794. Kaizari alizungukwa na makabaila na mabibi wa kasri, watu wa vyeo vya kuzaliwa navyo. Watu hao walipenda mashairi kuliko tunavyopenda kandanda. Kijana akitaka kumposa binti, alituma shairi. Binti naye hujibu kwa shairi. Ukikosea mizani, basi bahati mbaya, mwenzako anapata mchumba wewe ukibaki kukodoa macho.

Na mizani walihesabu! Shairi lao liitwalo waka lina mizani 31 tu, zilizogawanywa katika vipande vitano: 5, 7, 5, 7 na 7. Vina hawana, lakini mizani ni lazima. Mwanzoni mwa karne ya 10, yapata mwaka wa 905, Kaizari Daigo aliamuru mashairi bora yakusanywe katika diwani moja iitwayo Kokinshu. Katika utangulizi wake, Ki no Tsurayuki aliwataja malenga sita wa enzi zilizotangulia. Watano ni wanaume. Wa sita ni Ono no Komachi, mwanamke peke yake kati yao.

Kuna hadithi ambayo Wajapani wamesimuliana kwa karne nyingi kumhusu Komachi. Inasemekana kwamba kabaila mmoja, afisa wa walinzi, alimpenda kufa kupona. Komachi akamwambia: njoo kwangu usiku mia moja mfululizo, ulale nje, ndipo nitakusikiliza. Yule bwana akaja, mvua ikinyesha, theluji ikianguka. Usiku wa tisini na tisa akafariki dunia, ukisalia mmoja tu. Ni hadithi, si historia. Hata hivyo, inaonyesha jinsi jina la huyu mama lilivyoingia midomoni mwa watu likakataa kutoka.

Lakini wasomaji, msidhani makabaila hao walikuwa watu wa kasi. Walikuwa watu wa polepole kabisa. Walisafiri kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na cheo cha mtu ndicho kilichoamua apande gari la namna gani. Bibi mmoja wa kasri, Murasaki Shikibu, aliyeandika hadithi ndefu ya Genji mwanzoni mwa karne ya 11, anaeleza jinsi watumishi wa mabibi wawili walivyogombania nafasi ya kuegesha magari siku ya sherehe, hata gari la mmoja likasukumwa nyuma na kuharibiwa. Nilipoisoma sehemu hiyo niliwakumbuka makanga wa matatu pale kwetu stejini. Kumbe ugomvi wa maegesho ni wa tangu jadi!

Tena safari zao! Yule Tsurayuki niliyemtaja alikuwa gavana wa jimbo la Tosa, katika kisiwa cha Shikoku. Muda wake ulipokwisha mwaka wa 934 alianza safari ya kurudi Kyoto kwa mashua. Ilimchukua siku 55, akihofia mawimbi na maharamia. Leo abiria akitoka Kochi, mji mkuu wa pale palipoitwa Tosa, akipanda gari la moshi mpaka Okayama na kubadilisha apande Shinkansen, atafika Kyoto kwa muda usiofika saa tano. Kutoka siku 55 hadi saa tano! Hapo kaka yangu yuko sawa, hesabu imefanya kazi yake.

Sasa nafika kwenye kiini cha maoni yangu, nawaomba mnisikilize kwa makini.

Zama hizo za Komachi, mwanamume msomi wa Japani aliandika Kichina. Sheria, barua za serikali, elimu ya juu, vyote vilikuwa katika Kichina, lugha ya wageni wenye nguvu. Lugha ya nyumbani iliandikwa kwa hati nyepesi iliyoitwa "mkono wa kike", kwa sababu wanawake ndio hasa walioitumia. Wasichana hawakutarajiwa kujua Kichina. Murasaki mwenyewe anasimulia kwamba alikuwa akisikiliza tu kaka yake akifundishwa. Kaka alikuwa mzito wa kushika, dada akashika upesi, na baba yao akasikitika kwamba si huyu aliyezaliwa mvulana. (Kaka, ukisoma hapa, usinielewe vibaya.)

Je, nini kilitokea? Wanawake walichukua lugha hiyo ya nyumbani wakaandika ndani yake mapenzi, huzuni, mwezi, mvua na maua yanayopukutika. Waliandika vizuri hata wanaume wakaanza kuona kijicho. Tsurayuki alipotaka kuandika habari za ile safari yake ya siku 55, kabaila mzima, gavana mzima, alijifanya mwanamke katika maandishi ili aweze kuandika kwa lugha ya mama yake! Leo, miaka elfu moja baadaye, gari la Akita halikupewa jina la hati yoyote ya Kichina ya serikali. Limepewa jina la mwanamke aliyeandika lugha ya nyumbani.

Hayo hayatugusi sisi kweli? Shuleni mwetu, ukitamka neno sanifu darasani, wenzako wanakucheka: "Umetoka pwani lini?" Mtu akipata A ya Kiingereza anapigiwa makofi, akipata A ya Kiswahili anaambiwa, "Hiyo ni rahisi, si ni lugha ya mtaani?" Tunaamini kwamba lugha ya maendeleo ni ile ya wageni, na yetu ni ya kununulia sukuma wiki. Makabaila wa Kyoto nao waliamini hivyo. Waulizeni leo wako wapi.

Najua mtakalosema. Mtasema: jina halisukumi behewa. Kinachosukuma behewa ni umeme, na umeme hautoki kwenye utenzi. Kweli kabisa. Gari la Komachi hata lingeitwa Sufuria lingekimbia vilevile. Lakini tazameni jinsi Wajapani wanavyozichagua hizo lugha za majina. Mwaka wa 1958 walipata gari la haraka kati ya Tokyo na Osaka, ambalo mtu aliweza kulipanda akaenda na kurudi siku moja. Wakaliita Kodama, yaani mwangwi, kwa kuwa mwangwi huenda na kurudi. Tarehe 1 Oktoba 1964 ilipofunguliwa Shinkansen ya kwanza, lile lenye haraka zaidi likaitwa Hikari, yaani nuru, kwani nuru huishinda sauti. Mwaka wa 1992 likaja jingine lenye haraka kuliko nuru. Sasa ni kitu gani hushinda nuru kwa kasi? Wakaliita Nozomi, yaani tumaini. Jamani, hilo si shairi? Mtu asiyejua ushairi hawezi kupanga ngazi hiyo: mwangwi, nuru, tumaini. Angeandika tu Namba Moja, Namba Mbili, Namba Tatu.

Aidha, majina hayo hayakuokotwa njiani. Wajapani wanayatunza mashairi yao vinywani mwa watoto. Katika karne ya 13 kabaila mmoja wa kasri, Fujiwara no Teika, aliwachagua malenga mia moja, kila mmoja kwa shairi moja. Shairi la Komachi ni la tisa. Baadaye mashairi hayo yakatiwa kwenye kadi, ukawa mchezo. Msomaji husoma mwanzo wa shairi. Kadi zenye sehemu ya mwisho zimetandazwa sakafuni. Anayelijua shairi kwa moyo huinyaka kadi kabla ya mwenzake. Wanaoshindana huruka kama makipa! Shule za upili zina vyama vya mchezo huo, na kila mwaka hushindania ubingwa wa nchi katika mji wa Otsu, karibu na Kyoto. Wanafunzi wa umri wetu, wakitoa jasho kwa ajili ya mashairi ya miaka elfu moja. Kisha hurudi nyumbani kwa gari la moshi lisilochelewa.

Lipo pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi. Kuna atakayesema: mbona unawasifu makabaila? Si walikula jasho la wakulima? Ni kweli. Walioshinda matopeni wakilima mpunga hawakuandikwa katika diwani, na majina yao yamepotea. Hata jina halisi la Murasaki Shikibu halijulikani kwa hakika. Haya ni majina ya kasri tu. Sisemi tuurudishe ukabaila. Wajapani wenyewe waliufuta kwa katiba iliyoanza kutumika mwaka wa 1947. Leo ndani ya Shinkansen yapo mabehewa ya bei na mengine ya kawaida, lakini hakuna anayeulizwa babake ni nani. Anaulizwa tiketi.

Tena kuna jambo linalonifurahisha mno. Akita ni nchi ya mpunga, na watu wa huko husema kwamba Komachi alizaliwa kwao. Mwaka wa 1984 walitoa aina mpya ya mchele mzuri wakauita Akita Komachi. Na mabehewa mapya ya gari hilo, yaliyoanza kazi mwaka wa 2013, yana viti vya rangi ya manjano, mfano wa masuke ya mpunga ulioiva. Basi jina lililokuwa la bibi wa kasri leo limo shambani, limo chunguni, limo relini. Mkulima ameuchukua urithi wa kabaila akaufanya wake. Huo ndio urithi ninaoutaka mimi: si cheo, bali maneno.

Na kwetu je? Tarehe 31 Mei 2017 ilipozinduliwa reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi, gari lake la abiria liliitwa Madaraka Express. Mimi nafurahi kwamba neno la kwanza ni letu. Lakini safari haijaisha. Mombasa ndiko alikoishi Muyaka bin Haji, malenga aliyetunga mashairi ya vita, ya mapenzi na ya mzaha. Na kule Pate, mwaka wa 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi ambao tunao mpaka leo. Huyo ndiye Komachi wetu: mwanamke, kalamu, lugha ya nyumbani. Je, ni Mkenya gani amewahi kupanda behewa liitwalo Mwana Kupona? Ni maabara gani ya shule iliyoitwa Muyaka? Tunaogopa nini?

Sitaki maneno yangu yaishie hewani, kwa hivyo natoa pendekezo kwa mlezi wa chama chetu. Tununue karatasi za manila, tukate kadi mia moja. Katika kila kadi tuandike mwisho wa ubeti mmoja wa malenga wetu. Ijumaa baada ya masomo, mmoja asome mwanzo wa ubeti, wengine wanyakue. Gharama yake haizidi bei ya chapati chache. Mwaka mmoja tu, tutakuwa na beti mia moja vichwani. Atakayeendelea awe mhandisi atakwenda nazo; atakayekuwa fundi wa magari atakwenda nazo; na siku Kenya itakapounda gari lake, hatutahangaika kuazima jina.

Nimalizie kwa kaka yangu. Nilipokwisha kusoma hayo yote nilimsubiri siku aliyorudi kazini mapema, nikamweleza kwa adabu habari za gari jekundu la Akita. Alisikiliza bila kusema neno. Mwishowe akauliza, "Umesema lina kasi gani?" Nikamwambia, kilomita 320 kwa saa. Akatikisa kichwa. "Na huyo mwanamke aliandika kuhusu nini?" Nikamwambia, kuhusu mapenzi na uzuri unaopita kama rangi ya maua. Akanywa chai yake hadi ikaisha. Kisha akatia mkono mfukoni akanipa pesa za mchango, akaniambia, "Lakini Hisabati usiache."

Sitaiacha. Maana nimejifunza kwamba gari la Komachi linahitaji vyote viwili, anayehesabu nguvu za umeme na anayehesabu mizani. Wenzangu, mtu akikuuliza mashairi yatakupeleka wapi, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Mwambie: yameshawatoa watu Tokyo yakawafikisha Akita, na safari haikufika saa nne.

Kwa hayo machache naweka kalamu yangu chini. Kiswahili kitukuzwe!